Sakafu Iliyomshinda Jogoo

Kilichoninyima usingizi kabla ya safari hii ni swali ambalo nikilitamka watu hucheka: Kukhu ataipitaje sakafu inayong'aa?

Kukhu ni mama yake baba. Anaishi Chekalini, kwenye shamba ambalo yeye na marehemu Kuka, mume wake, walilipata Wazungu walipoondoka. Jicho lake la kushoto limefunikwa na ukungu mweupe, na la kulia linaelekea huko huko. Daktari alitaka kumpasua. Yeye alikataa, akasema atapasuliwa baada ya kuingia nyumba mpya, asije akafia hospitalini kabla hajailalia. Fimbo pia ameikataa. Ndani ya nyumba yake ya zamani hahitaji fimbo wala macho. Hutoka kitandani, akapita sebuleni, akafika mlangoni na kikombe cha chai mkononi, na tone halimwagiki.

Nyumba mpya inajengwa na wanawe, na mkubwa wao katika kutoa amri ni Senje Rispa, dada ya baba, nesi wa Nairobi. Mimi nilipewa kazi ya mwisho: vigae vya sakafu, ukanda wa mapambo, mambo yote ambayo mgeni huyaona kwanza. Nimesomea usanifu wa ndani ya nyumba, nimehitimu, na tangu hapo ninakaa kwetu Kakamega nikisubiri barua za kazi ambazo haziji. Kwa hiyo nilifurahi. Halafu Senje akanieleza kuwa ameshachagua. Anataka vigae vya rangi ya maziwa kutoka Italia, vilivyosuguliwa hadi ukaona balbu za dari chini ya miguu yako, kama alivyoviona kwenye hoteli moja alipoenda harusini. Kazi yangu ilikuwa kwenda Nairobi na Kukhu kuthibitisha rangi.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Ningeweza kuwaza juu ya maziwa yenyewe, kama ni ya asubuhi au yaliyolala. Lakini safari hii wazo lilikuwa moja tu, na kila nilipofumba macho nilimwona Kukhu katikati ya sakafu ile, kikombe mkononi, hajui aweke mguu wapi.

Sasa kila mmoja wenu ananiuliza kwa nini nilirudi na mzigo tofauti na nilioagizwa, na kama yale ya jogoo ni kweli. Ni kweli. Nitaeleza tangu mwanzo.

Kakamega hadi Chekalini

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta mama akisugua sakafu yetu nyekundu. Mnazijua sakafu zile, kila nyumba ya mtumishi wa serikali mjini ilikuwa nayo: saruji iliyotiwa rangi, ikapakwa nta, ikasuguliwa. Tulipokuwa wadogo, Jumamosi mama alikata blanketi kuukuu vipande viwili, kila mtoto akavipanda kama viatu, tukateleza kutoka jikoni hadi sebuleni tukiimba, na sakafu ikang'aa bila mtu kujua kwamba amefanya kazi. Harufu ya nta ile ikinipata popote, hata leo, nasikia Jumamosi.

Nilimwuliza mama, "Kukhu alipokuwa anatutembelea hapa, alipenda sakafu yetu?"

"Kukhu?" Mama alicheka. "Alikuwa anapitanga kando ya ukuta kama mwizi. Tulidhani ni heshima."

Jibu hilo nilikwenda nalo njia nzima, kuanzia Malava hadi basi liliponiacha kando ya barabara kuu. Kutoka hapo nilitembea kati ya mahindi yaliyokuwa yameanza kutoa nywele.

Kukhu nilimkuta amepiga magoti, anasiriba sakafu ya nyumba ya zamani. Nilishangaa, maana siku mbili tatu baadaye tungekuwa tunaagiza ya mpya.

"Mulembe, Kukhu. Unasiriba ya nini na tunasafiri leo?"

"Mulembe, Nafula. Nyumba haiachwi chafu. Nikifia huko, watu watakuja kukaa wapi?"

Nilisimama mlangoni nikamtazama, kama nilivyomtazama miaka ile yote ya likizo. Samadi mbichi, udongo na maji kidogo. Huanza ukuta wa mbali, akarudi nyuma taratibu kuelekea mlangoni, na mkono wake wa kulia unaacha alama za nusu duara, moja ikilalia nyingine kama magamba ya samaki. Sisi wajukuu tulikuwa tunakaa nje kwa mstari, tumekatazwa kuingia. Kila baada ya muda mmoja wetu aliuliza, "Imekauka?" naye akajibu kutoka jikoni, "Atakayekanyaga atachapwa."

Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoona kwamba alama zote zinaelekea upande mmoja. Zote zinatazama mlango.

"Ulitaka zitazame wapi?" Kukhu alisema nilipomwuliza. "Anayesiriba anarudi nyuma. Ukianzia mlangoni utajifungia ndani kama panya. Leta maji ninawe."

Stesheni ya Lugari

Treni ya kutoka Malaba ilikuwa ije jioni. Tulifika mapema kwa sababu mimi niliogopa kuchelewa, na tulikaa sana kwa sababu treni haikuogopa.

Kukhu alikuwa na vitu vitatu: mfuko wa nguo, kapu la chakula, na kapu lingine lenye jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Jogoo alikuwa wa Senje. Mama haendi kumtembelea binti yake mikono mitupu, na binti hata awe nesi mkuu wa dunia nzima, kuku wa kununuliwa dukani hamhesabii mama kitu. Nilijaribu kusema kwamba Nairobi kuna kuku.

"Kuna kuku," Kukhu alisema. "Hakuna ingokho."

Bwana wa stesheni, kila tulipomwuliza, alijibu, "Inakuja," kwa sauti ya mtu ambaye hajasema inakuja kutoka wapi. Tukakaa kwenye benchi. Reli ilikuwa inang'aa kwa jua la mwisho, na mimi nikaona nafasi.

"Kukhu, hiyo sakafu ya Senje. Wewe mwenyewe unaitaka?"

"Sana."

"Inateleza kidogo."

"Nafula, Yunia ana saruji nyeusi, mwanawe amemwekea. Kila wiki kikundi chetu cha kina mama wa kanisa kikikutana kwake anasema, 'Pangusa miguu, Mama Rispa.' Mimi! Kwa saruji! Nataka siku aje kwangu, aingie, aone uso wake kwenye nyumba yangu, akose la kusema."

Yunia ni jirani yake, rafiki yake na adui yake tangu wote wawili walipofika Lugari wakiwa maharusi. Nilielewa kwamba katika jambo hili Senje na Kukhu wako upande mmoja, na upande wa pili niko mimi peke yangu, tena sina uhakika.

Behewa la kina mama

Treni ilipofika hatimaye, tulipata chumba na wanawake wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa Bungoma aliyelala mara tu alipoegemea. Wa pili alikuwa mfanyabiashara wa Malaba, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, anayeuza vitambaa. Tulimwita Mama Vitambaa, naye akakubali.

Kukhu alifungua kapu. Kulikuwa na obusuma baridi, ugali wa kwetu, uliofungwa kwenye jani la mgomba, kuku wa kuchoma, ndizi, na chumvi ndani ya karatasi. Akamkatia Mama Vitambaa paja.

"Asante, Mama, nimeshiba," akasema yule.

"Umeshiba wapi? Tangu Malaba?"

"Ni vile tu, Mama. Siku hizi safarini..." Akanitazama mimi anisaidie. Nilijua alichotaka kusema: watu wanasimuliana habari za abiria waliokula biskuti za mgeni wakaamka Nakuru bila mizigo. Lakini kumwambia Kukhu kwamba anashukiwa kutia dawa kwenye kuku wake ni jambo ambalo ningelifikiria kwa mwaka mzima na bado nisiliseme.

Haikuhitajika. Kukhu alimwangalia kwa lile jicho lililobaki, akalitwaa paja, akaling'ata kipande, akatafuna, akameza, kisha akang'ata kila kipande kingine kapuni, na cha mwalimu aliyelala pia. Halafu akamrudishia.

"Kwetu mwenyeji anaonja kwanza," akasema. "Sasa kula. Tukifa, tutakufa wanne."

Mama Vitambaa alicheka hadi mwalimu akaamka. Alikula paja, akala na bawa, na baadaye baridi ya Timboroa ilipoingia dirishani akatoa vitambaa vyake vipya kwenye mzigo akatufunika navyo sote, pamoja na jogoo. Mtu akiniuliza safari ni nini, nitamwambia ni hiyo: unalala chini ya kitambaa ambacho bado kina karatasi ya bei, umeshiba, na chuma kinagonga chuma chini ya kichwa chako. Sidhani nimewahi kulala vizuri hivyo tangu nihitimu.

Kulipopambazuka tulikuwa Nakuru, mahali tulipopaswa kuwa tumepita zamani. Injini ilikuwa na tatizo ambalo kila mfanyakazi alilieleza kwa namna yake. Tukafika Nairobi mchana. Senje alikuwa ametungoja asubuhi akachoka akaenda kazini, akaacha ujumbe stesheni: twende moja kwa moja dukani, tuonane kwake jioni. Ndiyo maana tuliingia duka la vigae na jogoo.

Duka la Industrial Area

Askari wa mlangoni alitunyooshea kiganja. "Mama, kuku hapana. Acha hapa, nitalinda."

"Nimwache jogoo wa binti yangu na mtu nisiyemjua? Hapa Nairobi?"

Askari aliisikia lafudhi, uso ukabadilika. "Mulembe, Kukhu! Mwatoka wapi?" Yeye alikuwa wa Matungu. Wakasalimiana kwa mvua, kwa miwa, kwa afya ya watu ambao hakuna kati yao aliyewahi kuwaona. Mwisho akafungua mlango mwenyewe na kapu akalibeba hadi ndani.

Duka lile, jamani. Tangu biashara ya nje ifunguliwe nilikuwa nimeona vitu hivyo katika picha za darasani tu. Kulikuwa na kigae chenye mishipa ya kijivu kama marumaru ya kweli. Vipande vidogo vya kioo vya kupamba bafu, vimepangwa kama shanga. Ukanda wa ukutani wenye majani ya mzabibu yaliyoinuka ukiyagusa. Sakafu ya duka yenyewe ilikuwa maonyesho: kila hatua chache aina nyingine. Nilisahau kila kitu. Nilikuwa nagusa kingo kwa kidole gumba, kama tulivyofundishwa, kuona kama zimenyooka.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, mwembamba, miwani kwenye kamba. Aliitwa Bwana Mehul. Alitupeleka mbele ya eneo la rangi ya maziwa, lile la Senje. Taa za dari zote zilionekana chini, ndani ya vigae.

"Hii iko namba moja," akasema. "Hoteli yote kubwa nachukua hii."

Nilikwenda mbele. Kukhu hakunifuata. Nilipogeuka, nilimwona amevua viatu na amevishika mkononi. Kwa mkono mwingine ameinua gauni hadi magotini. Alikuwa ananyoosha mguu mmoja mbele, kidole gumba kikitafuta, kama mtu anayepima kina cha mto.

"Hapa pana maji," akasema.

Mteja mmoja alicheka. Kukhu alisikia, akashusha gauni, akacheka pia, kwa sauti kubwa kuliko mteja. Nilimrudia nikamshika mkono. Alicheka hivyo hivyo mpaka tukafika katikati, lakini kucha zake zilikuwa ndani ya nyama ya mkono wangu.

"Ndiyo hii," akasema. "Hii ndiyo naitaka."

"Kukhu, umeogopa."

"Nani ameogopa? Nilikuwa nachunga nguo."

Hapo ndipo jogoo alipotoka. Kamba ya katani nadhani ililegea treni ilipokuwa inatikisika, sijui. Aliruka kutoka kapuni akatua juu ya vigae vya Italia, na miguu yake ikaenda njia mbili tofauti. Akasimama, ikaenda tena. Akatumia mabawa, akazunguka kama mlevi anayecheza ngoma ya isukuti, kucha zinakwaruza, kifua kinagonga chini. Wafanyakazi wote waliacha kazi. Jogoo, kwa hofu, alifanya lile ambalo kuku hufanya akiogopa, mahali pale pale, kwenye rangi ya maziwa. Kisha akajivuta kwa tumbo hadi eneo la jirani, akasimama wima, akajikung'uta, na akawika.

Eneo lile lilikuwa la vigae vya Uhispania, vya udongo uliochomwa, rangi ya matofali yaliyolowa mvua, bila kupakwa mng'ao, vyenye mifuo myembamba, mistari ya kuchimbwa, juu yake.

Kukhu alimfuata kumkamata. Alikuwa bado peku. Alipokanyaga vile vigae vya udongo aliniachia mkono. Alimshika jogoo mabawa, akasimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na nikaona vidole vyake vya miguu vinakunjuka na kujikunja.

"Hiyo iko ya veranda, Mama," Bwana Mehul akasema. "Ya nje."

"Ya nje?" Kukhu akaruka kama ameungua. "Sitaki kitu cha nje ndani ya nyumba yangu."

Halafu akakumbuka uchafu, akaona aibu. Kwetu, mnyama wako akiharibu kwa mtu, unalipa. Akamnyooshea Bwana Mehul jogoo kwa mikono miwili. Mzee akarudi nyuma. Hali nyama, wala kwake hakuchinjwi. Kukhu akadhani amenyimwa msamaha, akasogea tena mbele. Mmoja anasogea, mwingine anarudi, na mimi katikati ninafasiri lugha mbili vibaya zote.

Askari wa Matungu ndiye aliyetuokoa. "Mzee, chukua tu," akamwambia tajiri wake. "Kuku wa Mluhya akishatolewa harudi. Akae huko nyuma, awe anatuamsha."

Bwana Mehul alivua miwani, akafikiri, akapokea jogoo kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake. Tukaambiwa turudi kesho kupakia.

Kwa Senje

Niliapa jioni hiyo nitamwambia Senje ukweli. Nilikuwa nimepanga hata maneno, tangu la kwanza hadi la mwisho.

Senje alitukumbatia, akatazama mizigo. "Mama, mbona hukuniletea hata ingokho?"

Kukhu hakupepesa. "Alitufia njiani. Baridi ya Timboroa."

"Pole, Mama. Na duka mliliona?"

"Zuri sana. Sakafu kama kioo. Nimetembea juu yake kama malkia."

Senje alinigeukia, amefurahi kama mtoto. Kumbe wakati wote alikuwa anangoja kusikia hilo tu. Akaanza kusimulia jinsi walivyokuwa wadogo, yeye na baba, wakilala juu ya ngozi kwenye sakafu ya Kukhu msimu wa mvua, unyevu ukipanda, mama yao akihama nao kutoka kona hadi kona. Aliapa tangu wakati ule kwamba mama yake atazeeka mahali pakavu na pazuri. Macho yake yalilowa. Ningesemaje, hapo? Kusema kungekuwa kumwita Kukhu mwongo mbele ya binti yake, na kumwambia Senje kwamba zawadi aliyoiwaza tangu utotoni itamwangusha mama yake. Nikainamia sahani, nikala. Wali ulikuwa mtamu nami sikuuonja.

Simu

Asubuhi lori lilikuwa limeshaegeshwa uani kwa Bwana Mehul. Makatoni ya rangi ya maziwa yalikuwa yamepangwa tayari kupakiwa, ya kutosha sebule nzima na kibaraza cha ndani. Kukhu alikuwa amekaa kwenye kiti alichopewa, mkoba mapajani. Na juu ya rundo la vigae vya udongo kwenye kona ya ua, jogoo alikuwa amesimama, amefungwa kamba mpya ndefu, anawatazama wapakiaji kana kwamba ndiye msimamizi.

Kijana wa kwanza aliinua katoni.

"Ngoja," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia. "Ngojeni. Bwana Mehul, naomba simu."

Wodini kwa Senje walichukua muda kumtafuta. Kukhu alikuwa amesimama nyuma yangu, nilimsikia anavyopumua.

"Nafula? Kuna nini? Mama ameugua?"

"Hapana, Senje. Jogoo hakufa."

"Nini?"

"Jogoo wako. Hakufa baridi. Alianguka dukani, kwenye vigae vyako. Alishindwa kusimama. Na Kukhu pia alishindwa, Senje. Alidhani ni maji. Alivua viatu akainua nguo. Hatembei juu yake bila kushikwa."

Nyuma yangu Kukhu alisema kwa lugha yetu, polepole, "Umenivua nguo, mtoto wangu." Kisha akarudi kwenye kiti, akakigeuza, akanipa mgongo.

Nilitaka kukata simu. Nilitaka pia kulia. Badala yake niliendelea, kwa sababu nilikuwa nimeshafika mahali ambapo kurudi na kwenda vilikuwa sawa. Nikamwambia kuhusu vigae vya udongo, kwamba navyo si vya hovyo, vimetoka mbali vile vile, vikavu, havinywi maji vikishapakwa mafuta yake, na mguu unavisikia. Nikamwambia kwamba pale juu yake Kukhu aliniachia mkono.

"Hata jogoo alishindwa?" Senje akauliza mwishowe.

"Hata jogoo."

"Jogoo wangu?"

"Wako, Senje."

Nilisikia sauti ambayo sikuitambua, nikadhani analia, kumbe anacheka. Au vyote viwili. "Wewe ndiye umesomea," akasema. "Fanya unavyojua. Lakini nije Krismasi nikute sebule ya mama yangu inafanana na choo cha stendi, Nafula, utaving'oa kwa meno."

Nikaweka simu. "Pakieni vya udongo," nikawaambia vijana. "Na hivi vya maziwa, nipeni makatoni machache tu, pamoja na ule ukanda wa majani." Nikanyoosha mkono kuwaonyesha lile rundo la kona.

Kurudi na lori

Hadi Nakuru Kukhu alitazama dirisha la upande wake. Dereva alinunua mahindi ya kuchoma, akamgawia Kukhu, naye akamshukuru dereva. Tulipanda, ukungu ukaingia, misonobari ikapita. Karibu na Timboroa Kukhu alikohoa.

"Na Yunia ataonaje uso wake?"

Swali hilo nilikuwa nalo tayari. Huo ndio uzuri wa kuwaza kupita kiasi, kuna siku unakuta jibu limeshapikwa. "Ukutani, Kukhu. Vile vya maziwa nitavipandisha ukutani, mkanda mrefu kuzunguka sebule, na majani juu yake. Nani hutazama uso wake chini? Atakuwa amekaa, chai mkononi, anajiona."

Kukhu alitafuna hilo pamoja na mahindi.

"Mkanda uko juu kiasi gani?"

"Kiasi cha kichwa cha mtu aliyekaa."

"Yunia ni mfupi."

"Tutaushusha."

Akatazama mbele. Baada ya muda akachukua mkono wangu, pale palipokuwa bado na alama za kucha zake, akauweka juu ya mkoba wake, ukakaa hapo hadi Turbo.

Chekalini

Fundi Wiki alikuwa ametandaza saruji, akapanga vigae vya kwanza vikavu ili nione. Alikuwa amevilaza kutoka ukuta hadi ukuta, mifuo ikikatiza chumba.

"Hivi ndivyo chumba kinaonekana kipana," akasema, na alikuwa sahihi. Ndivyo tulivyofundishwa hata sisi.

Nilisimama mlangoni. Ningeweza kuwaza hadi jioni: upana, mwanga wa dirisha, Senje na Krismasi yake. Nilivua viatu, nikafunga macho, nikapita juu ya vile vikavu kutoka upande wa chumba cha kulala. Mguu haukujua unakwenda wapi.

"Geuza, Fundi. Mifuo yote itazame mlango. Anzia ukuta wa mbali, urudi nyuma."

"Yote?"

"Yote."

Akanung'unika kidogo, akageuza. Akapiga magoti ukutani, akaanza kurudi nyuma taratibu, kigae kwa kigae. Mimi nikatoka nje. Kukhu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, miguu peku juani, amenyoosha shingo kusikiliza nyundo ya mpira ikigonga.

"Imekauka?" akaniuliza.

"Atakayekanyaga atachapwa," nikasema, nikakaa karibu naye.